RELI YA ZAMANI ISIFIE PORINI KIMYAKIMYA

Wakubwa wakizungumzia treni ya umeme, meno yote nje. Tangu 2024 inakwenda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Mkataba wa kuifikisha Tabora ulisainiwa 2021, na wa Tabora hadi Kigoma 2022. Hatuna ugomvi na treni hiyo. Swali letu ni moja tu: hii reli ya zamani mtaifanyaje?

Asiyeelewa kwa nini tunauliza ashuke stesheni ya Igalula, afuate tuta kwa miguu kuelekea Goweko. Atakanyaga mataruma ya chuma, maana Mjerumani aliyeifikisha reli Tabora mwaka 1912 alishajua kuwa mchwa wa huku hawachezewi. Huku na huku ni miombo, ile ile iliyokatwa kuwa kuni za injini za mvuke. Atapishana na akina mama wenye mizigo kichwani na vijana wanaosukuma baiskeli. (Sheria inakataza kutembea humo, tunajua. Sheria haijawaletea barabara.) Treni ikisimama, ndipo soko linapofunguka: asali, kuku, karanga. Ikiacha kusimama, hakuna soko.

Nchi hii ina desturi mbaya ya kutupa njia bila kuwauliza waliojenga maisha kandokando yake. Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi, palikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe na watumwa. Reli haikupita pale. Leo pamebaki tembe la makumbusho. Reli ya tawi kutoka Manyoni kwenda Kinyangiri ilijengwa miaka ya 1930, miaka ya 1940 ikang'olewa. Kule Kusini, Mwingereza alijenga reli ya Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga zake, mradi ule ule uliofyeka misitu ya Urambo. Mradi ulikufa 1951 baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36, na mwaka 1962 reli nayo ikafungwa.

Lakini tazameni Mpanda. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ulifungwa 1960, na treni ikaendelea kwenda miaka na miaka, kwa sababu ilikuwa na watu wa kubeba na mazao ya kubeba. Aliyeamua ising'olewe aliwatendea haki watu wa Katavi kuliko mawaziri wengi waliofuata.

Hatuwaamini kwa maneno matupu. Mwaka 2007 serikali ya CCM iliikabidhi reli hii kwa kampuni ya RITES ya India kwa miaka 25. Haikufika hata miaka mitano, ikairudisha.

Sasa Wizara ya Uchukuzi na Shirika la Reli waseme. Treni ya umeme ikishafika, ya zamani itaendelea kubeba abiria au mizigo peke yake? Wafanyakazi wa magengi wataendelea kulipwa? Reli na mataruma vitabaki, au yupo kigogo ameshaanza kuvipigia hesabu kwa kilo, kama chuma chakavu?

Tunataka majibu kwa maandishi, stesheni kwa stesheni: Malongwe, Goweko, Igalula, Usoke, Urambo, Usinge, Nguruka. Yasomwe kwenye mikutano ya vijiji, si hotelini Dodoma.