Tusitupe kamera za wazee wetu kwa kukosa betri

SI ajabu kuingia katika nyumba moja ya Arua au Koboko ukakuta kamera ya zamani juu ya kabati, imo bado ndani ya mfuko wake wa ngozi. Ni ya baba, ya mjomba aliyekuwa askari, au ya shangazi aliyewahi kufanya kazi ofisini. Ilivuka mpaka kwenda Sudan au Zaire wakati wa kukimbia, na ikarudi pamoja na masufuria na blanketi. Ukimwuliza mwenye nyumba, jibu lake ni neno moja: imekufa. Siku akipita mnunuzi wa vitu chakavu, inaondoka kwa bei ya soda mbili.

Nasema bila kusita kwamba nyingi ya kamera hizo hazijafa. Zimekosa betri. Na betri hiyo haipatikani kwa sababu wafanyabiashara wetu, wanaoweza kuleta chochote kutoka Kampala, Nairobi au Dubai na kukifikisha hadi Ariwara na Kaya, hawajaambiwa kwamba kuna mtu anaihitaji.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo dogo kama hili lipewe nafasi gazetini wakati kila kijana ana simu inayopiga picha. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda mjini Kampala yalionyesha picha za enzi za Idi Amin, zilizotokana na negativu zilizokaa miaka mingi katika hifadhi ya Shirika la Utangazaji la Uganda. Zilipigwa na wapigapicha wa serikali, kwa kazi ya serikali. Usitegemee kukuta humo harusi ya jirani yako wa Koboko, wala duka la babu yako kabla halijaporwa. Picha za namna hiyo, kama zipo, ziko mikononi mwa familia zenyewe. Nazo familia nyingi za West Nile zilipoteza albamu zao zilipokimbia baada ya Amin kuangushwa Aprili 1979, na zaidi tangu Oktoba 1980 vita viliporudi Arua na Koboko. Simu ya leo haiwezi kupiga picha ya mwaka 1978. Kamera iliyo juu ya kabati huenda bado inayo.

Nitalirudia hilo la mwisho. Kwanza betri.

Kamera nyingi za Kijapani za miaka ya 1960 na 1970, kama Canonet QL17, Minolta SR-T 101 na Yashica Mat-124G, zilitengenezwa kutumia betri ndogo ya zebaki iitwayo PX625. Sifa yake ilikuwa kutoa volti 1.35 bila kuyumba mpaka siku ya kuisha. Tatizo ni zebaki yenyewe, ambayo ni sumu. Marekani ilizuia uuzaji wa betri hizo kwa sheria ya mwaka 1996, Ulaya ikafuata mwaka 2000. Baadaye ukaja Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walidhurika vibaya kwa kula samaki wenye zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Uganda iliuridhia mwaka 2019. Kwa hiyo anayekuambia sokoni kwamba anayo PX625 halisi ya zebaki, tena mpya, ama anauza mzigo wa miongo iliyopita, ama anauza ya alkali iliyobandikwa jina lile lile.

Hiyo ya alkali inaingia vizuri, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ina volti 1.5 ikiwa mpya, kisha hushuka kidogo kidogo. Kipimo cha mwanga cha kamera husoma nguvu hiyo ya ziada kana kwamba ni jua, hivyo kinaagiza mwanga mdogo kuliko unaotakiwa na picha zinatoka zenye giza. Mwenye kamera analaumu lenzi, fundi analaumu mkanda, na betri inabaki salama ndani ya kifuniko chake.

Dawa ipo, tena si ya miujiza. Betri za vifaa vya kusaidia kusikia, zile za namba 675, hutumia zinki na hewa na hutoa takriban volti 1.4, jirani kabisa na ile ya zebaki. Ni nyembamba kuliko PX625, hivyo huzungushiwa pete ya mpira ili isichezecheze. Ubaya wake ni kwamba ukishabandua karatasi yake hewa huingia, na baada ya miezi michache imekwisha hata kama hukupiga picha moja. Katika ukavu wa Desemba hadi Februari usitarajie hata muda huo. Afadhali hivyo kuliko mkanda mzima kuharibika.

Zipo kamera zisizo na matata kiasi hicho. Pentax K1000, iliyouzwa tangu 1976 hadi 1997, inatumia betri moja ya LR44, na tena ni kwa ajili ya kipimo tu: hata bila betri kifyatuo kinafanya kazi. LR44 ndiyo ile ile inayoitwa AG13 kwenye vidoli vya watoto, kwa hiyo imejaa madukani. Lakini ninayoipendekeza ni SR44, iitwayo pia 357, ya oksidi ya fedha. Umbo ni moja, ila ya fedha hushikilia volti zake hadi mwisho. Canon AE-1 ndiyo huonewa zaidi, kwa sababu bila betri ya volti 6, yaani 4LR44, kitufe hakifyatui kabisa. Mtu yeyote angeapa kwamba imekufa. Kuna na zile zisizohitaji betri hata kidogo, kama Olympus Trip 35 na Zenit E ya Kirusi, ambazo kipimo chao kinaendeshwa na mwanga wenyewe.

Kabla ya kununua chochote, fungua kifuniko cha betri kwa sarafu. Ukikuta ukoko wa kijani au mweupe, ni betri ya zamani iliyovuja. Chovya pamba katika siki kidogo, sugua hadi chuma king'ae, kausha. Usikwangue kwa kisu. Kamera kadhaa zilizotangazwa kuwa marehemu zina ugonjwa huu tu.

Sasa turudi kwenye lile nililoliahidi. Mtu akipewa kamera ya zamani, jambo la kwanza analofanya ni kuufungua mlango wa nyuma atazame ndani. Tafadhali, usifanye hivyo! Kama mna mkanda, mwanga wa sekunde moja unatosha kuharibu picha ambazo hazijaonwa na mtu. Kwenye kamera za kuzungusha kwa mkono, geuza taratibu kishikio cha kurudishia mkanda kilicho juu upande wa kushoto. Kikikaza, mkanda upo. Bonyeza kitufe cha chini, urudishe wote ndani ya kopo lake, ndipo ufungue.

Kamera za mota za miaka ya 1980 na 1990 ni kesi nyingine, na hapa ndipo betri inakuwa mlango wenyewe. Bila umeme mkanda haurudi. Baadhi hutumia AA mbili za kawaida, lakini nyingi zinataka betri ya lithiamu ya volti 3 iitwayo CR123A. Muuzaji asikupe ile ya kuchajiwa yenye volti 3.7, maana inaweza kuiunguza kamera. Ikiwaka, tafuta kitufe kidogo cha kurudisha mkanda, aghalabu kimefichwa chini na hubonyezwa kwa ncha ya kalamu. Mkanda wa rangi uliokaa miaka 30 huenda ukawa umefifia, na wa nyeupe na nyeusi huvumilia zaidi. Hata huo wa rangi unaweza kuoshwa kwa dawa za nyeupe na nyeusi ukatoa nyuso zinazotambulika. Kazi hiyo itabidi isafiri mbali na Arua, kwa hiyo piga simu kwanza, ujue kama anayepokea anajua mikanda ya zamani.

Kwa wafanyabiashara wa Koboko na Oraba ombi langu ni dogo. Pakiti moja ya SR44, moja ya CR123A na moja ya 4LR44 hazijazi hata kiganja. Zisomwe tarehe kabla ya kununuliwa, zibaki ndani ya karatasi zake, na zisimwagwe mezani zikachanganyika na za vidoli. Kuna sababu kubwa kuliko kamera. Betri hizi za kifungo zikimezwa na mtoto huchoma koo kwa ndani, na saa mbili tu zinatosha kuleta madhara makubwa. Anayeshukiwa kumeza apelekwe hospitali saa ile ile, bila kungoja kuona kama itatoka yenyewe. Nazo zile za zebaki zikitolewa kwenye kamera zisitupwe shimoni wala kwenye moto wa takataka. Zifungwe ndani ya chupa, ziwekwe mbali na watoto hadi zipatiwe mahali pa kupelekwa.

Na anayekwenda dukani asiseme tu "nataka betri ya kamera". Namba imeandikwa ndani ya kifuniko au chini ya kamera. Iandike kwenye karatasi, au beba kamera yenyewe.