Mama wa Ruangwa Analaumiwa Bure, Mbu Ndiye Kabadilika

Kila kampeni ya malaria ikija, mambo ni yaleyale. Staa anavaa fulana nyeupe, anashika chandarua, anapiga picha tatu, anaposti "lala salama", kiki imeisha. Huko chini kwenye komenti ndio watu wanaanza kuwachamba akina mama wa kusini: neti wanapewa bure, wanazungushia bustani ya mchicha, halafu watoto wakiumwa wanalalamika.

Aisee, hapana. Hiyo kesi imesikilizwa upande mmoja.

Yupo mtu ambaye hapigwi picha: mtafiti wa mbu. Kazi yake haina mvuto hata chembe. Anachota viluwiluwi kwenye madimbwi, anawalea mpaka wawe mbu, anachagua majike wa siku tatu hadi tano na kuwatia kwenye mirija yenye karatasi iliyopakwa dawa. Saa moja tu. Kisha anasubiri saa 24 na kuanza kuhesabu maiti. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, wakifa chini ya asilimia 90, mbu hao ni sugu. Na sehemu nyingi za Tanzania mbu wameshakuwa sugu kwa pairethroidi, ile dawa iliyozoeleka kwenye vyandarua.

Sasa rudi Lindi. Mpango wa kugawa vyandarua kupitia shule ulianzia kusini, mwaka 2013, katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma. Yaani Nachingwea na Ruangwa walikuwa wa mwanzo kabisa kupata. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2017 ukakuta malaria kwa watoto chini ya miaka mitano mkoani Lindi bado iko juu ya wastani wa nchi, uliokuwa kama asilimia 7. Uzembe wa akina mama peke yake ndio ufanye hivyo? Hebu tuwe serious kidogo.

Huko ni kwenye korosho. Mikorosho ina mdudu wake msumbufu, wakulima wanamwita mbu wa mikorosho ingawa si mbu kabisa, na kati ya dawa za kumpulizia zimo za familia ileile ya pairethroidi. Wanasayansi wameshasema sana kwamba dawa za mashambani ni moja ya vitu vinavyomkomaza mbu. Sasa mama aliyefunga neti yake vizuri atajuaje hayo? Neti isiyotoboka bado ni kinga, aendelee kuitumia. Ila ile ya kumuua mbu akitua imepungua makali, na hakuna aliyekwenda kumwambia.

Halafu kuna sahani. Malaria inavunja chembe nyekundu za damu, kwa hiyo mtoto asiyekula vizuri anaingia vitani akiwa na damu pungufu tayari. Inauma zaidi ukikumbuka wilaya hizi zinavuna ufuta, mbaazi, karanga na korosho, vyakula ambavyo watu wa mjini wananunua kwa bei mbaya ili wawe "fiti". Vinakwenda mnadani, mtoto anabaki na ugali wa muhogo. Mwaka 2022 asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano Tanzania walikuwa wamedumaa.

Na msikimbilie kusema "wapewe vidonge vya madini ya chuma basi". Pemba walijaribu, wakawapa watoto wadogo chuma na foliki asidi kila siku, na mwaka 2003 ikabidi wasimamishe: waliopewa walilazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa, kwa sababu malaria ilikuwa bado imejaa. Neti na sahani ni kesi moja, ndugu zangu, ingawa ofisini zinakaa meza mbili tofauti.

Dawa mbadala ipo. Misungwi, mkoani Mwanza, watafiti waligawa neti za aina nne mwaka 2019. Zile zilizoongezewa klofenapiri zilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 ndani ya miaka miwili, zikilinganishwa na za kawaida. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likazipitisha.

Kwa hiyo staa akiposti tena msimu huu, muulizeni kwenye komenti: hiyo neti mkononi ni ya dawa gani, na Ruangwa inafika lini?