Jenerali aliyetoka Mtongwe, na bahari iliyovishwa magwanda

Kwa Wakenya wengi, askari shupavu ni mwanajeshi wa miavuli wa Gilgil, yule arukaye kutoka tumbo la ndege na kutua akiwa tayari kwa vita. Baharia hana sifa hiyo. Hata cheo chake ni cha kuazima: katika Jeshi la Wanamaji la Kenya hakuna admirali, bali kuna meja, kanali na brigedia sawasawa na wenzao wa nchi kavu, na akifika kileleni huitwa jenerali.

Hata hivyo, tangu mwaka 2000, watu saba wameteuliwa kuwa Mkuu wa Majeshi na watatu kati yao walitoka katika kikosi hicho kidogo chenye makao yake Mtongwe, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Jenerali Joseph Kibwana alikuwa wa kwanza, mwaka 2000. Jenerali Samson Mwathethe akafuata mwaka 2015, na Jenerali Charles Kahariri akateuliwa Mei 2024, baada ya Jenerali Francis Ogolla kufariki katika ajali ya helikopta.

Kati ya hao, safari ya Mwathethe ndiyo iliyoacha alama nzito zaidi mjini Mombasa, na si zote zinazosomeka kwenye nishani ya Moyo wa Dhahabu aliyovishwa.

Mzaliwa huyo wa Pwani alijiunga na jeshi mwaka 1978, wakati Jeshi la Wanamaji, lililoundwa Desemba 1964, lilikuwa bado na boti chache za doria. Alipanda ngazi hadi akaliongoza jeshi hilo katika miaka ambayo maharamia wa Kisomali waliifanya Bahari Hindi kuwa shamba lao. Ikumbukwe kuwa Septemba 2008 waliiteka meli MV Faina iliyokuwa ikija Mombasa na vifaru 33, na haikutia nanga Kilindini hadi Februari 2009. Nchi yenye wanamaji ilikaa miezi minne ikingoja shehena yake iachiliwe kwa fidia. Wakati huohuo meli ya doria KNS Jasiri, ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2003, ilikuwa imekwama Uhispania katika mvutano wa zabuni. Iliwasili Mombasa mwaka 2012.

Mwaka 2011 Mwathethe akawa Naibu Mkuu wa Majeshi, na miezi michache baadaye vikosi vya Kenya vikaingia Somalia. Kismayu ilipotekwa Septemba 2012, wanajeshi walitua ufuoni kutoka baharini. Bila shaka operesheni hiyo iliwapa wanamaji heshima ambayo hawakuwa nayo.

Mei 2015 akakabidhiwa usukani wote. Miezi kama minane baadaye kambi ya El Adde ikavamiwa na Al-Shabaab, Januari 15, 2016. Jenerali alijitokeza mbele ya wanahabari akaeleza kuwa mabomu yaliyotumiwa yalikuwa na nguvu mara tatu ya lile lililolipua ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka 1998. Idadi ya waliouawa hakuitaja, na serikali haikuitangaza. Ni Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, aliyesema kuwa waliangamia kati ya askari 180 na 200. Mwaka mmoja baadaye, huko Kulbiyow, jeshi lilitaja vifo tisa huku Al-Shabaab wakidai zaidi ya 50. Kwa maoni yangu, hili ndilo doa kubwa katika utumishi wake. Mzazi aliyempeleka mwanawe jeshini anastahili kuambiwa hesabu na amiri wa mwanawe, si na rais wa nchi jirani.

Msomaji atauliza, Mombasa inaingiaje hapa? Inaingia kupitia Liwatoni.

Akiwa bado na magwanda, Mwathethe alipewa uenyekiti wa kamati ya serikali ya kuendeleza uchumi wa baharini. Hapo ndipo mambo ya bahari, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa ya idara za uvuvi na uchukuzi, yalipoanza kupita mikononi mwa wanajeshi. Novemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta alizindua Huduma ya Walinzi wa Pwani papo hapo Liwatoni, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa brigedia kutoka Jeshi la Wanamaji. Mwaka 2020 ikaja kampuni ya serikali ya kujenga na kukarabati meli, nayo ikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Mwathethe mwenyewe alistaafu Mei mwaka huo, kisha akawa mwenyekiti wa bodi ya kampuni ya umeme ya KenGen.

Wanaotetea mpangilio huo wana hoja. Idara za kiraia zilikuwa zimelala, kiwanda cha samaki cha Liwatoni kilikuwa gofu, na meli za kigeni zilivua katika maji ya Kenya zitakavyo. Mwanajeshi angalau hufika kazini. Mimi siipuuzi hoja hiyo, ila naiona fupi, kwa sababu idara iliyolala huamshwa, na kuipokonya kazi yake si kuiamsha. Aidha, mwananchi mwenye lalamiko dhidi ya afisa wa uvuvi humwendea diwani au mbunge wake. Mwenye lalamiko dhidi ya jeshi haelewi agonge lango lipi.

Hata uwezo wenyewe ulipimwa mbele ya umati. Jumapili ya Septemba 29, 2019, gari lilitumbukia kutoka feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni, likiwa na mama na bintiye. Kutoka hapo hadi kambi ya wanamaji Mtongwe si mbali. Wapiga mbizi wa wanamaji walifanya kazi kwa ujasiri katika maji ya kina cha takriban mita 58, lakini ilibidi kuwategemea pia wazamiaji wa kibinafsi na wa kutoka nje, na gari liliopolewa siku 12 baadaye. Watu waliojaa ukingoni kila siku hawakuwa na haja ya mchambuzi kuwaeleza kilichokosekana.

Wavuvi wa Mji wa Kale nao wanapima kwa kipimo chao. Mashua zao hazifiki kwenye samaki wakubwa wa maji makuu, na kusi ikivuma nyingi hubaki gatini karibu na Bandari ya Kale. Walichoahidiwa katika mikutano ya uchumi wa baharini ni vyombo imara, barafu na soko. Walinzi wa Pwani waliwafikia mapema, wakidai leseni na majaketi ya kuokolea maisha. Vyombo vya kuwafikisha kwenye maji makuu, kwa wengi wao, bado wanavingoja.