Yaliyoandikwa juu ya Mishamo yasomwe Mpanda

Katika miji mikubwa ya Ulaya zimo taasisi ambazo kazi yake ya kila siku ni kupima vita. Ile ya Stockholm, iliyoanzishwa mwaka 1966, huhesabu silaha zinazouzwa na fedha zinazotumiwa na majeshi ya dunia. Ile ya Oslo, iliyoitangulia mwaka 1959, huchunguza chanzo cha migogoro na njia za kuimaliza. Wakubwa wa mataifa husikiliza ushauri wa wataalamu wa namna hiyo kabla ya kuamua nani asaidiwe na nani aachwe. Hilo peke yake si baya. Lakini ni kasumba kudhani kwamba elimu ya vita na amani huzaliwa huko tu, ilhali sehemu yake iliyo bora imechimbwa katika udongo wa Mpanda.

Yafaa ikumbukwe jinsi ilivyokuwa. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwafukuza makwao Wahutu wengi mno, na maelfu kwa maelfu wakaingia Tanzania. Serikali haikutaka wakae wakingojea mgao. Ikishirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la Kikristo la TCRS, iliwapa mapori wayafyeke na kulima: Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba, na kisha Mishamo mwaka 1978, haya mawili ya mwisho yakiwa katika wilaya ya Mpanda, eneo ambalo tangu 2012 ni Mkoa wa Katavi. Haikupita miaka mingi kabla ya wakimbizi hao kujilisha wenyewe na kuuza ziada. Kufikia 1985 wafadhili waliikabidhi Mishamo kwa Serikali. Kwa yeyote apimaye maendeleo kwa magunia, kazi ilikuwa imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Kati ya 1985 na 1986 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya uchunguzi Mishamo, na pia mjini Kigoma miongoni mwa watu waliokimbia balaa lile lile. Aliyoyakuta yalistahili kumnyima usingizi kila mpanga mipango. Mishamo, ambako mtu hakuruhusiwa kutoka bila kibali, watu walikuwa wameishika historia yao kwa mikono miwili. Walijiona taifa lililo uhamishoni, nao kumbukumbu ya mauaji ikawa kama fundisho la kila siku. Kigoma mjini ilikuwa kinyume. Huko Mrundi aliuza samaki, alioa kwa jirani, alijiita jina lolote lililomfaa, na wala hakupenda kuitwa mkimbizi. Balaa lilikuwa moja. Kilichowatofautisha ni mahali walipowekwa na namna walivyotawaliwa.

Wala hayo si mambo ya vitabuni tu. Ni Mishamo hiyo hiyo, mwaka 1980, kilikozaliwa chama cha Palipehutu, ambacho baadaye wafuasi wake walishika silaha ndani ya Burundi. Makazi yaliyosifiwa kwa mahindi yalikuwa pia yameotesha siasa ya kisasi, na ghala lililojaa halikuizuia. Hapo ndipo usalama na maendeleo vinapoonekana kuwa jambo moja, na anayevitenganisha katika mafaili mawili hujidanganya.

Kitabu cha Malkki kilitolewa na Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1995, kwa Kiingereza. Ni watendaji wa kata wangapi wa Mishamo waliopata kukiona? Ni walimu wangapi? Swali hili halina kejeli, kwa sababu uamuzi mkubwa ulikuwa njiani. Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972 waliokuwa wamesalia katika makazi yale matatu, karibu 218,000, waliulizwa wanataka nini. Kiasi cha wanne katika kila watano walichagua uraia wa Tanzania. Ukubwa wa uamuzi wa kuwakubali hauna mfano mwingi duniani. Lakini ukaambatana na sharti la kuhama: raia wapya watawanywe mikoani, wasiendelee kuwa kundi lililojitenga, na makazi yafungwe.

Mpango huo ulikuwa umesoma nusu ya somo. Ni kweli kwamba kutengwa huzaa siasa ya kutengwa. Lakini dawa yake ilikuwa kufungua lango, si kung'oa watu waliokwisha kuzika wazazi wao Katumba na kupanda miembe wakaila. Miaka ikapita, vyeti vikacheleweshwa, na wakulima wakasita kujenga au kupanda mazao ya kudumu, maana nani apigaye tofali juu ya ardhi atakayoambiwa aiache? Oktoba 2014 vyeti vikaanza kutolewa kwa watu zaidi ya 162,000, na sharti la kuhama likaondolewa. Serikali ilifanya vyema kurudi nyuma. Ingefanya vyema zaidi kama ushauri ungetangulia uamuzi.

Mwaka 2015 Burundi ilichafuka tena, wakimbizi wapya wakajaa Nyarugusu na Nduta mkoani Kigoma, makambini, safari hii bila ya mashamba. Maswali ya Mishamo yakarudi yale yale, na wataalamu wa kukodi wakarudi na madaftari yao.

Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo itoayo vibali vya utafiti. Hapana gharama kubwa katika kuongeza sharti moja: kila anayechunguza maisha ya watu wa Katavi aache muhtasari wa Kiswahili, kurasa kumi au kumi na tano, katika ofisi ya Mkuu wa Mkoa, katika halmashauri inayohusika, na katika shule za sekondari za mahali alipofanyia kazi. Na watumishi wausome, si waufungie kabatini. Mwalimu apelekwaye Mishamo leo, akitoka Iringa au Lindi, hukabidhiwa darasa la watoto Watanzania ambao jioni husimuliwa na bibi zao habari za 1972. Asubuhi yake anawafundisha uraia, na hadithi hiyo hajapata kuisikia.