Bibi Harusi, Kabla ya Kuzamia Jifunze Kupumua



Msimu wa harusi ukifika, bibi harusi hupakwa singo, hutiwa hina na piko, hufukizwa udi, na somo wake humfunda mpaka aive. Kisha fungate inaanza, bwana anasema, "Kesho tunakwenda kuzamia Mnemba," na kwa hilo hakuna aliyemfunda kitu. Awe mtoto wa Mkunazini au katoka Machochwe, kule Serengeti, mbali na bahari, anavishwa mtungi mgongoni akiwa na wazo moja tu: abane pumzi.

Tunasema wazi kuwa wazo hilo ni la hatari. Kuzamia kwa mtungi si mashindano ya kubana pumzi. Kanuni yake ya kwanza ni kutoacha kupumua hata mara moja. Kwenye kina cha mita 10, mkandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Ukipanda kutoka hapo umebana pumzi, hewa iliyo kifuani hutanuka na kutaka nafasi mara mbili. Mapafu yanaweza kupasuka, hata kwa kupanda mita chache tu.

Kinachotakiwa ni pumzi ya taratibu. Anza mazoezi nyumbani wiki kadhaa kabla. Lala chali, mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni. Vuta hewa kwa hesabu ya nne, tumbo lipande, kifua kitulie. Toa kwa hesabu ya sita au nane. Fanya dakika tano asubuhi na jioni. Ukizoea, fanya ukiwa umekaa, ukivuta na kutoa kwa mdomo, kwa sababu chini ya maji pua hufunikwa na miwani. Usipumue harakaharaka: pumzi fupi humaliza mtungi mapema na kuzidisha hofu.

Wala jambo hili si geni kwetu. Aliyesoma tajwidi chuoni anajua kuchukua pumzi penye waqfu na kuitoa polepole mpaka aya itimie. Wasomaji wa maulidi na kaswida wanalijua pia. Tofauti ni kwamba chini ya maji hakuna kituo. Pumzi moja ikiisha, nyingine inaingia.

Lakini mazoezi hayaponyi kila kitu. Mwenye pumu amuone daktari kwanza. Na bibi harusi anayehisi huenda ana mimba asizamie kabisa. Kwenye fomu ya afya jibu ukweli, usione haya mbele ya mume wala mwalimu. Ukitaka mwalimu mwanamke, omba mapema.

Wako wanaosema bahari si ya mwanamke wa Kiislamu. Mradi wa Panje kule Nungwi umefundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kusitiri mwili mzima, na stara yao haikupungua. Maji yametuzunguka pande zote. Kutoyajua ndiko kunakotuua.

Basi masomo na mama zetu, kwenye mafundo ya mwali ongezeni hili: mfundisheni kupumua. Na asiyekuwa tayari apewe ruhusa ya kusema, "Bwana, leo nitabaki mashuani." Mume mwema atasubiri.

Allah awajaalie ndoa zenye kheri na afya njema. Amin.