Kabla ya Kumpa Kura, Muulize Kuhusu Kambi

Ndugu zangu wa Nanyuki, wa Manda na Lamu, nanyi nyote mnaoishi jirani na askari wa kigeni: Agosti 2027 tutachagua magavana. Wagombea watatuahidi barabara, basari na dawa hospitalini. Nawaomba tuwaulize pia kuhusu kambi.

Watatujibu upesi kwamba ulinzi ni kazi ya serikali kuu. Ni kweli, Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ndivyo lisemavyo. Lakini kabla hatujaridhika na jibu hilo, tutazame Okinawa.

Mkoa huo wa visiwa ni kama asilimia 0.6 tu ya ardhi ya Japani, ila umebeba takriban asilimia 70 ya eneo la kambi zinazotumiwa na jeshi la Marekani peke yake. Mwaka 1995 askari watatu wa Marekani walimbaka msichana wa miaka 12, na makumi ya maelfu ya watu wakaandamana. Mwaka uliofuata serikali za nchi hizo mbili zilikubaliana kurudisha ardhi ya kambi ya Futenma, iliyobanwa na nyumba na shule za mji wa Ginowan. Sharti likawa kambi nyingine ijengwe Henoko, katika kisiwa hichohicho, kwa kujaza kifusi baharini.

Gavana wa Okinawa haamrishi jeshi lolote. Lakini kwa sheria ya Japani, bahari haijazwi bila kibali chake, na hivyo kila uchaguzi wa gavana ukageuka kuwa uchaguzi wa Henoko. Hirokazu Nakaima alitoa kibali Desemba 2013; mwaka uliofuata wapiga kura wakamwondoa, wakamweka Takeshi Onaga. Onaga alipofariki 2018 walimchagua Denny Tamaki, mtoto wa mwanajeshi wa Marekani na mama wa Okinawa, na 2022 wakamrudisha. Katika kura ya maoni ya 2019, takriban asilimia 72 ya waliojitokeza walikataa bahari kujazwa.

Ujenzi haukukoma. Serikali ya Tokyo ilishinda mahakamani, na Desemba 2023 ikaidhinisha yenyewe, badala ya gavana, mabadiliko ya mpango wa ujenzi. Wala wakazi hawana kauli moja: wapo wanaopata mshahara kambini, wapo wanaolipwa kodi ya ardhi, na wapo wa Ginowan wanaotaka Futenma ifungwe haraka. Hata hivyo, serikali imelazimika kujitetea mbele ya majaji na mbele ya taifa. Hakuna awezaye kusema kwamba watu wa Okinawa waliridhia kwa kunyamaza.

Nasi tuna pa kushikia. Jedwali lilelile la Nne linazipa kaunti huduma za afya, maji, zimamoto, majanga, na udhibiti wa uchafuzi wa hewa na kelele. Moto wa Lolldaiga wa Machi 2021, uliozuka wakati wa mazoezi ya jeshi la Uingereza, uliteketeza nyasi za Laikipia, na moshi wake ukavutwa na watu wa Laikipia.

Basi mgombea akija, tumuulize: Moto mwingine ukizuka, magari ya zimamoto yatatoka wapi? Nani atapima maji na hewa baada ya mazoezi, na matokeo tutayasoma wapi? Binti akidhulumiwa na askari, hospitali ya kaunti itamtibu bure na kumtunzia ushahidi? Anayeipenda kambi kwa sababu ya ajira naye aulize ni ajira ngapi za wenyeji, na kwa mkataba gani.

Mwaka 2024 kamati ya Bunge ilikuja Laikipia kusikiliza malalamiko kuhusu jeshi la Uingereza, na wananchi wakasema yao waziwazi. Tusiwaache peke yao. Jiandikishe, nenda kwenye mkutano, simama uulize, na majibu yaandikwe kwa tarehe na jina la aliyeyatoa. Atakayeshinda tumsomee maneno yake kila mwaka wa bajeti, mpaka tuone fungu la fedha limetengwa.