Bursi ni haki yetu, si fulana ya kampeni

Wandugu vijana, tuseme ukweli. Katika inchi hii mwanafunzi maskini hafukuzwi na masomo, anafukuzwa na kese. Siku ya egzameni kuna mutu mmoja kwenye mlango, anashika liste, na ile liste haiulizi kama ulielewa statistiki. Inauliza kama ulilipa transhi ya pili. Hukulipa? Rudi nyumbani. "Utakuja sesheni ya pili," wanakuambia. Na sesheni ya pili nayo ina fre yake.

Watu wengi wanafikiri aliyeacha iniversite alishindwa na akili. Mimi nilikaa miaka mitano ndani ya oditori, na katika promosio yetu wale walioondoka hawakuwa wajinga. Mmoja njo alikuwa anatufasiria hesabu sisi wote. Aliondoka mwaka wa pili juu ya dola 85. Leo ni motari, na kila akinibeba ananiuliza kama nimepata kazi. (Sijapata. Lakini hiyo ni vita ingine.) Mimi nilimaliza juu mama anauzisha sambaza, na likirimba ya wamama wenzake ilinibeba. Leta haikunipa hata silabusi moja.

Wakubwa wakisikia hivi wanajibu: bursi ziko. Ziko wapi? Kuna Excellentia, ya fondasio ya mke wa rais, Denise Nyakeru Tshisekedi, inayochukua vijana waliopata asilimia za juu kwa egzameni ya Leta. Tunawapongeza hao vijana, kweli. Lakini fondasio si Leta. Na mutoto aliyepata 58 huku akisoma na tochi ya simu, akiamka saa kumi ya asubuhi kuchota maji, naye ana haki ya kumaliza. Halafu kuna bursi ya onorabule. Wanafunzi 20 wanaitwa kwenye sale, wanavalishwa fulana yenye picha yake, kamera inapita, transhi moja inalipwa. Mwaka unaofuata onorabule hashiki tena simu. Ile ni kampeni tu, na inamfundisha kijana kupiga magoti juu ya kitu ambacho ni chake.

Ni chake, imeandikwa. Mwaka 1976 Zaire ilijiunga na Mkataba wa kimataifa wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni. Soma kifungu cha 13: masomo ya juu yafunguliwe kwa wote kwa kadiri ya uwezo wao, yaende hatua kwa hatua kuelekea bure, na uwekwe mpango wa bursi wa kutosha. Inchi ilibadilisha jina, sahihi ikabaki.

Msituambie ni ndoto. Waulizeni wazee waliosoma UNAZA miaka ya 1970: walikuwa na bursi, kitanda, sahani ya chakula. Haikuwa zawadi ya Mobutu. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium walitoka barabarani Kinshasa, kati ya madai yao ikiwa bursi iongezwe, na jeshi liliwapiga risasi. Wanafunzi walikufa juu ya ile pesa. Baadaye bursi ikafa polepole pamoja na inchi, na kati ya wale waliokula kwenye ile sahani kuna ambao leo wanatuambia: "Mwenye kutaka kusoma, alipe."

"Leta haina franka." Tumechoka na wimbo huo! Mwezi wa Mei 2025 Korti ya Katiba ilimhukumu waziri mkuu wa zamani, Matata Ponyo, miaka 10 ya kazi ngumu juu ya pesa za Bukanga-Lonzo, karibu dola milioni 245. Tufanye hesabu ya mutoto wa primere: ukimpa mwanafunzi mmoja dola 400 kwa mwaka, pesa hiyo inabeba wanafunzi 612.500 mwaka muzima. Shamba moja tu. Franka zilikuwako.

Tunataka sheria ya bursi, yenye mstari wake ndani ya budgeti, ambao kila mutu anaweza kuusoma. Kipimo kiwe umaskini wa nyumba, si asilimia peke yake, si kabila, si barua ya onorabule. Pesa ifike kwa mwanafunzi mwenyewe, kwa simu yake, kabla ya transhi ya kwanza, juu tunajua pesa inayopita ofisi sita inafika imekonda. Na isiwe ya minervali tu. Mwanafunzi anayetoka Shabunda kuja kusoma Bukavu analipa chumba, makala, nauli, silabusi ambazo maprofesa wanauzisha. Wengi wanaachia hapo, kwenye vitu ambavyo hakuna anayeviita fre. Kuna siku nilienda kuandika egzameni na chai kavu tangu jana yake, na sikuwa peke yangu.

Hapa Kivu iko na ingine tena. Tangu M23 iingie Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, banki zilifunga milango, na muzazi mwenye akiba yake akapata shida ya kuishika. Kinshasa isituambie haifiki huku. Simu zinafika.

Basi wiki hii kazi ni moja. Kama uliacha masomo juu ya fre, ao unajua aliyeacha, tuandikie: mwaka gani wa masomo, kiasi gani kilikosa, dola ao franka. Jina usiweke, namba ya simu usiweke. Ya kwanza tunayo: dola 85, mwaka wa pili. Tutajumlisha zote na kuzipeleka kwa minista wa masomo ya juu na kwa madepite kabla budgeti ya mwaka kesho haijapigiwa kura.